Reli ya Boti Huoza Kuanzia Miguuni

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi wa boti mbele ya manahodha, wamiliki wa boti na abiria katika gati ya Mokowe, wakati wa mafunzo ya usalama wa usafiri wa majini. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi wote wa Kaunti ya Lamu wanaovuka maji kila siku.

  Mimi si mtu wa hotuba. Kazi yangu ni nyundo na spana, na wengi wenu mmezoea kuniona nikiwa nimelala chini ya boti, si nimesimama mbele ya watu. Lakini nilipoombwa nije kuzungumza kuhusu reli za boti kuukuu nilikubali mara moja, kwa sababu katika jambo hili nina deni.

Nilipokuwa fundi kijana, mwenye boti mmoja aliniletea motaboti yake ya mbao niitengeneze kabla ya Idi. Reli ya upande mmoja ilikuwa ikicheza kidogo. Akaniambia, "Fundi, hiyo piga rangi tu, watu wasafiri." Nami nikazikaza parafujo zilizolegea, nikaziba kutu kwa puti, nikapaka rangi nyeupe. Reli ikang'aa kama ya boti iliyotoka kiwandani.

Wiki ya pili, boti hiyo ikiwa inaondoka gatini, boti nyingine ikapita kwa kasi na wimbi lake likaja ubavuni. Mama mmoja aliyekuwa amesimama pale akaishika reli kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa na mtoto. Reli ikang'oka na parafujo zake zote, zikiwa zimejaa unga wa mbao iliyooza. Mama na mtoto wakaingia majini. Alhamdulillahi, vijana waliruka hapo hapo, na wote wawili wakatolewa wakiwa hai. Mama alivunjika mkono.

Nilikwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Hakunitukana. Aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, nisingeiegemea kama isingeonekana mpya."

Maneno hayo ndiyo niliyokuja nayo leo. Boti isiyo na reli, abiria hukaa kwa tahadhari. Hushika ubao, hushika mwenzake. Boti yenye reli, abiria huiamini. Kwa hiyo reli mbovu iliyopakwa rangi ni hatari kuliko kutokuwa na reli kabisa, kwa kuwa inamwita mtu aiegemee halafu inamwangusha.

Ubovu uko wapi?

Watu wengi wakitaka kujua hali ya reli hutazama bomba la juu, pale panaposhikwa na mikono. Hapo mara nyingi pazima. Reli huoza kuanzia miguuni, pale kiguzo kinapokutana na sitaha. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni nguvu. Chukueni kiguzo chenye urefu wa sentimita 60, na kitako chake kina bolti zilizoachana sentimita 6. Mtu mzima akiegemea juu kwa uzito wa kilo 50, bolti za chini huvutwa kwa nguvu karibu mara kumi ya hiyo, yaani kama kilo 500. Ni kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo: mkono uko mbali, nguvu yote iko kwenye msumari. Sasa nguvu hiyo inabebwa na nini? Kama ni parafujo nne fupi zilizouma ubao wa nusu inchi, jibu mnalo.

Ya pili ni maji. Kila tundu la bolti ni mlango. Reli ikicheza hata kidogo, dawa ya kuzibia huachia na maji hushuka ndani ya mbao. Hapa kwetu maji ya chumvi huingia mchana na mvua ya masika hukamilisha kazi. Niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui: mbao huoza zaidi kwa maji matamu ya mvua yaliyonaswa ndani kuliko kwa maji ya bahari. Kwa hiyo boti iliyoegeshwa miezi mitatu bila kazi na mvua inainyeshea inaweza kuoza kuliko ile inayovuka kila siku.

Boti za faiba nazo zisiwadanganye. Sitaha nyingi za faiba ni kama mkate uliotiwa kitu katikati: faiba juu, faiba chini, na katikati plaiwudi au mbao nyepesi. Maji yakipita kwenye tundu la bolti, ile plaiwudi ya katikati hulowa na kugeuka tope, na wewe juu unaona faiba nyeupe inayong'aa.

Jinsi ya kuikagua

Ukaguzi hauhitaji mashine. Boti ikiwa imetulia gatini au imekaa mchangani maji yakiwa yamekupwa, fanyeni hivi.

Shika kila kiguzo juu, kimoja baada ya kingine, sukuma nje na vuta ndani. Mwenzako aweke kidole pale kitako kinapogusa sitaha. Kidole chake kikihisi mchezo wowote, hata wa unene wa karatasi, maji yanaingia hapo.

Kisha gonga sitaha kuzunguka kitako kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hutoa sauti kali. Mbao iliyooza hutoa sauti butu, kama unagonga papai lililoiva sana. Ikiwa ni boti ya mbao, choma kwa ncha ya bisibisi: ikizama kwa urahisi, hapo hapana mbao tena.

Baada ya hapo ingia chini ya sitaha na tochi. Tafuta michirizi ya kahawia, nati zenye kutu na mbao iliyobadilika rangi. Chini ndiko kunakosema kweli, kwa sababu huko hakuna aliyepaka rangi.

Mwisho, tazama chuma chenyewe. Bomba la chuma lililopakwa zinki linaweza kuoza kwa ndani kabla ya nje. Ligonge kwa nyundo ndogo sehemu za chini; likibonyea au likitoa vumbi la kutu, halifai kutengenezwa. Stenlesi ni tofauti. Madoa ya rangi ya chai juu yake ni kutu ya juu juu tu, hutoka kwa kusuguliwa na kuoshwa kwa maji matamu. Lakini ukiona vitundu vidogo au ufa karibu na kitako au kwenye welding, hiyo ni habari nyingine. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa. Pale maji ya chumvi yanaponaswa bila hewa, kama chini ya kitako, utando huo hufa na chuma hutoboka kimyakimya.

Kutengeneza au kubadilisha?

Swali hili huulizwa kwa sababu ya mfuko, nami nawaelewa. Kanuni yangu ni rahisi. Ikiwa bomba ni zima na kitako ndicho kinachocheza, tengeneza sitaha na urudishe reli hiyo hiyo. Ikiwa kiguzo kimoja kina ufa, badilisha kiguzo hicho. Ikiwa bomba limeoza ndani, au viguzo zaidi ya vichache vimetoboka, badilisha reli nzima ya upande huo, kwa sababu utakachookoa leo utakilipia mwakani. Na ufa wowote uliokwisha kuzibwa kwa puti na rangi uhesabuni kuwa ufa.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha, pima urefu na uwekee kila kipande namba. Boti kuukuu hazina pande mbili zinazolingana. Kipande cha kulia hakitakubali kushoto.

Hapa naomba masikio yenu. Ikiwa kazi itahitaji welding, toeni reli na mkaichomelee nchi kavu. Msichomelee juu ya boti yenye tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kukaa ngamani, hamuuoni, na cheche moja inatosha. Na anayechomelea bomba lenye zinki aisugue zinki kwanza na afanye kazi mahali penye upepo, kwa sababu moshi wake humpa mtu homa na kifua.

Kuponya sitaha

Kazi ya reli ni kazi ya sitaha. Ukirudisha reli nzima juu ya mbao iliyooza, hujafanya kitu.

Kwa boti ya mbao, kata ubovu wote mpaka ufike kwenye mbao nzima, halafu upite kidogo. Acha pakauke. Ingiza kiraka cha mbao ya aina ile ile au iliyo ngumu sawa nayo, kilichokaa vizuri kwenye taruma, kisha tia kalafati na uzibe. Msijaze tundu la zamani kwa vijiti vya kiberiti na gundi kisha mkarudisha parafujo. Nimeyaona hayo mara nyingi, na hushika mpaka siku ya kwanza ya mawimbi.

Kwa boti ya faiba, panua tundu, chokoa plaiwudi iliyolowa mpaka ukutane na iliyo kavu, acha pakauke kabisa, kisha jaza epoksi iliyotiwa unga wake wa kuikaza. Ikishaganda, toboa tundu jipya katikati ya epoksi hiyo. Siku nyingine maji yakipita, yatakutana na epoksi, hayataifikia mbao.

Ikiwa ubovu umeenea eneo kubwa, sitaha ikibonyea unapoikanyaga, basi hiyo si kazi ya reli tena. Ita fundi aifungue sitaha.

Kuifunga reli

Funga kwa bolti inayopita sitaha mpaka chini, si parafujo. Chini yake weka bamba la chuma au ubao mgumu ulio mpana kuliko kitako cha juu, ili nguvu itawanyike. Kisha washa, kisha nati ya kujifunga, ile yenye pete ya plastiki ndani. Bila bamba la chini, bolti itaivuta washa ndani ya sitaha kama kidole kwenye ugali.

Kuhusu kuziba: kwanguа kidogo mdomo wa tundu ili dawa ikae kama pete. Paka dawa ya poliurethani ya boti chini ya kitako na kwenye bolti. Msitumie silikoni ya bafuni. Haishiki rangi, na mahali ilipopita dawa nyingine haishiki vizuri. Kaza kwa wastani kwanza mpaka dawa ichomoze pande zote. Ikishakauka, malizia kukaza kwa kuzungusha nati ya chini peke yake, bolti ikiwa imeshikwa isizunguke. Ukiizungusha bolti umeukata muhuri ulioutengeneza mwenyewe.

Kuhusu chuma: usichanganye. Chuma cha aina mbili kikigusana ndani ya maji ya chumvi, kimoja humla mwenziwe. Reli ya bomba la zinki ifungwe kwa bolti za zinki. Reli ya stenlesi ifungwe kwa bolti za stenlesi, na tazameni kichwa cha bolti: iliyoandikwa A4 ndiyo inayofaa bahari, A2 ni ya nchi kavu, itatoa kutu mapema. Muuzaji akikuonyesha kwa sumaku kwamba yake ni nzuri, mwambie ahsante. Sumaku haiwezi kuzitenganisha hizo mbili. Reli ya alumini ikifungwa kwa bolti za stenlesi, weka mpira au plastiki katikati ili zisigusane.

Kuhusu urefu: reli inayoishia magotini si reli, ni mtego, kwa sababu humkata mtu miguu na kumpindua. Meli kubwa, kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966, hutakiwa ziwe na reli isiyopungua mita 1, na nafasi chini ya bomba la kwanza isizidi milimita 230. Boti zetu ndogo si meli, na reli ndefu nzito juu ya boti nyembamba huiyumbisha. Lakini tuchukue funzo lake: mahali watu wanaposimama, reli ifike juu ya kiuno, na nafasi ya chini isiwe ya kupitisha mtoto. Mahali pasipoweza kuwekwa reli ya urefu huo, abiria wakae, wasisimame. Pale pa kupandia pawe na mnyororo wenye ndoano, na ufungwe kabla ya injini kuwashwa. Na msizibe ubavu wote kwa mbao mkadhani mmeongeza usalama. Wimbi likiingia, maji yanahitaji njia ya kutoka.

Kisha ijaribuni kabla abiria hajaijaribu. Dawa ikishakauka kabisa, watu wazima wawili washike juu ya kila kiguzo na kukivuta kwa nguvu ndani na nje, wa tatu akiwa chini ya sitaha na tochi. Kisipocheza, kazi imekwisha.

Maswali mawili

Mzee wangu pale ameuliza kwa nini reli hulegea haraka namna hii hata zikifungwa vizuri. Mzee, tazama gati hii saa mbili asubuhi. Boti zimepangana ubavu kwa ubavu, tatu au nne, na kila baharia anaivuta boti ya mwenziwe kwa reli. Wengine hufunga kamba ya boti kwenye reli. Reli imetengenezwa kumzuia mtu, haikutengenezwa kuizuia boti. Kamba ifungwe kwenye vifungio vya sitaha, na boti ivutwe kwa kamba. Hilo halina gharama hata shilingi moja.

Dada yangu wa Faza ameuliza abiria afanye nini. Dada, usikae juu ya reli, wala usimketishe mtoto juu yake. Usiifunge mizigo. Ukiishika ikacheza, mwambie nahodha hapo hapo, kwa sauti, na usione haya. Nahodha mwema atakushukuru. Na vaa jaketi ya kuokoa maisha, uifunge kamba zake. Reli hukuzuia usianguke. Jaketi ni ya siku reli imeshindwa. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Nanyi wenye boti, mkibadilisha reli nzima au mkikata sitaha, waonyesheni wakaguzi wa Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, yaani KMA, wakati wa kukagua boti kwa ajili ya leseni. Mkaguzi si adui yenu. Jicho la pili huona ambalo la kwanza limelizoea.

Kusi inakuja. Mkondo wa Shela utachafuka, na njia ya Kiunga mnaijua wenyewe. Msingoje mawimbi ndiyo yawakagulie. Kila mnapoipandisha boti mchangani kusugua chini, tumieni nusu saa moja kwa reli: sukuma, gonga, ingia chini na tochi. Osheni stenlesi kwa maji matamu mkipata nafasi.

Yule mama niliyewasimulia bado anavuka. Siku hizi hupanda boti nyingine, na mkono wake haukunyooka vizuri. Kila ninapomwona gatini, naona akiigusa reli kidogo kwa vidole, akiijaribu, kabla ya kuishika. Ningependa tufike siku ambayo mama kama yeye atapanda boti yoyote katika kaunti hii na kushika reli bila kuijaribu kwanza.